Kipimo cha Mavuno ya Ziwa Letu

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa Umoja, Kabwe, katika sherehe za kutimiza miaka kumi



Kamati imetupa nafasi ya kulijibu swali ambalo wajumbe wamekuwa wakituuliza kila tukutanapo: ni nani ajuaye idadi ya samaki waliomo ziwani, hata aseme kwamba tumevua kupita kiasi? Swali hili huulizwa kwa hasira kidogo, na hasira hiyo ina sababu yake. Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Mitumbwi ilivutwa pwani, mashine zikafunikwa maturubai, lakini mikopo haikufungwa pamoja na ziwa. Mwenye kudai alidai kwa tarehe ile ile aliyoiandika. Vijana walipanda juu Ufipa kutafuta vibarua vya shamba. Mtu ambaye nyumba yake imekosa fedha kwa sababu ya hesabu iliyopigwa mbali naye ana haki ya kuuliza hesabu hiyo ilipigwaje.

Sisi katika ofisi ya Umoja si wataalam wa samaki. Elimu yetu iliishia shule ya sekondari, na kazi yetu ni daftari, mizani na stakabadhi. Hata hivyo twaamini kwamba elimu hii, ikisemwa kwa lugha ya mwalo, haiwezi kumshinda mwanachama yeyote aliyewahi kusimamia kundi la mbuzi au kuisikiliza mizania ya chama chake ikisomwa. Tumesoma yaliyoandikwa, tumewauliza waliosoma zaidi yetu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza ziwa lenyewe. Urefu wake ni kilomita zipatazo 670, na kina chake, pale penye kina kikubwa kuliko pote, ni mita 1,470. Mgeni akisikia tarakimu hizo hudhani kwamba chakula kilichomo hakina mwisho. Sivyo. Samaki hawaishi katika maji yote hayo. Hewa wanayoihitaji haishuki chini sana: upande wa Burundi huishia kama mita 100 tu, na upande wa kusini kama mita 200. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Ni ghala ya mbolea iliyozama. Mbolea hiyo hupanda juu hasa pale upepo wa kusini uvumapo kwa nguvu, kati ya Mei na Septemba, unapoyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yakapanda kushika mahali pake. Ndipo vijimea visivyoonekana kwa macho huota, wadudu wadogo wa majini huvila vijimea, dagaa huwala wadudu, na migebuka huwala dagaa. Wazee wetu waujua upepo huu kuliko vitabu, maana umewapindulia mitumbwi. Ila vitabu vimetuonyesha kwamba shamba letu ni jembamba, limetandazwa juu ya shimo refu, na mbolea yake hutegemea upepo.

Sasa, samaki wa shamba hilo huhesabiwaje? Hakuna awezaye kuwahesabu mmoja mmoja. Ziko njia tatu, na kila moja ina kasoro yake.

Njia ya kwanza ni mwangwi. Meli hupeleka sauti chini ya maji, sauti hugonga kundi la samaki na kurudi, na kwa nguvu ya mwangwi huo wataalam hukisia uzito wa kundi. Kazi hii ilifanywa katika ziwa letu miaka ya 1970, kisha ikafanywa tena kati ya 1995 na 1998 kwa meli iitwayo Tanganyika Explorer, katika mradi wa utafiti ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na serikali ya Finland. Mwangwi hausemi jina la samaki. Kwa hiyo meli hiyo ilibidi ikokote wavu pia, ili ijulikane kama kundi lililosikika ni la dagaa au la migebuka wadogo.

Njia ya pili ni kuwahesabu wavuvi wenyewe, mitumbwi yao, taa zao na nyavu zao, mwalo kwa mwalo, katika nchi zote nne kwa wakati mmoja. Mwezi wa Machi 1995 hesabu hiyo ilikuta mialo 786 na wavuvi wapatao 45,000 kulizunguka ziwa zima. Mwaka 2011 hesabu iliporudiwa, wavuvi walikuwa wapatao 95,000. Ndugu Wanachama, tafadhali zishikeni tarakimu hizo mbili, maana tutazirudia. Katika miaka 16 mikono iliyomo majini iliongezeka zaidi ya maradufu. Ziwa halikuongezeka hata shubiri moja.

Njia ya tatu ni kupima mavuno pwani. Mwandishi husimama mwaloni siku kadhaa kila mwezi, hupima mitumbwi michache, kisha hukadiria iliyobaki. Kwa njia hiyo mavuno ya ziwa zima katika miaka ya 1990 yalikisiwa kuwa kati ya tani 165,000 na tani 200,000 kwa mwaka. Nao waliokisia katika miaka ya 1970 uwezo wa ziwa, yaani kiasi kiwezacho kuvunwa kila mwaka bila kulidhuru, walisema ni kati ya tani 380,000 na tani 460,000. Mwenye kuzilinganisha tarakimu hizi haraka haraka atasema: kumbe tumevua nusu tu, na iliyobaki ni yetu! Tumemsikia mwanachama mmoja akisema hivyo, na akapigiwa makofi. Lakini kisio la kwanza lilitolewa kwa kutazama wingi wa vijimea na mwangwi wa miaka ile, na wataalam waliofuata hawakulikubali lote. Kisio ni kisio. Mwenye duka hanunui bidhaa kwa mkopo kwa sababu mtu alimkisia utajiri zamani. Hufungua sanduku akahesabu kilichomo.

Yafaa basi tuingie katika kiini cha elimu hii, nacho ni namna ya kukipata kiasi cha kuvuna. Tutatumia mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Njia ya kuukokotoa iliandikwa na Mmarekani aitwaye Schaefer mwaka 1954, alipokuwa akichunguza jodari wa bahari ya Pasifiki.

Tuseme iko ghuba moja iwezayo kulisha tani 100 za samaki na si zaidi. Zikiwamo tani 100 kamili, samaki hawaongezeki, kwa kuwa chakula kimekwisha kugawanywa na nafasi imejaa. Wanaozaliwa ni sawa na wanaokufa. Wakiwa wachache mno, tuseme tani 2, ongezeko ni dogo kwa sababu wazazi ni wachache. Ongezeko kubwa kuliko yote huwa katikati, pale penye tani 50. Hapo, kwa mfano wetu, samaki huongezeka tani 25 kwa mwaka. Mvuvi akichukua tani hizo 25, mwakani atazikuta tani 50 vile vile. Hiki ndicho wakiitacho mavuno ya juu yenye kudumu. Ni kama faida ya mtaji wa chama: waweza kuigawa faida kila mwaka na mtaji ukabaki.

Sasa tazameni ajabu iliyomo. Ghuba yenye tani 80 huongezeka tani 16 kwa mwaka. Ghuba yenye tani 20 nayo huongezeka tani 16 zile zile. Katika vitabu vya mauzo, wavuvi wa ghuba hizi mbili ni sawa kabisa: kila mmoja ameuza tani 16. Lakini yule wa kwanza huchukua sehemu moja ya tano ya samaki waliopo, na yule wa pili yampasa kuzichukua sehemu nne za tano. Kwa hiyo wa pili hufanya kazi mara nne: mafuta mara nne, usiku mara nne, nyavu mara nne, ili apate kilo zile zile. Yeye ni maskini na mwenzake ana nafuu, ingawa mizani imewapa kipimo kimoja. Waingereza walikwisha kuliona jambo hili katika bahari yao. Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 iliwazuia wavuvi wengi kwenda Bahari ya Kaskazini. Amani iliporudi walikuta samaki wengi na wakubwa, na haikupita miaka mingi wakarudi katika upungufu wa zamani. Mtaalam wao Michael Graham aliandika baadaye kwamba uvuvi usio na mpaka mwishowe hauleti faida kwa yeyote.

Graham huyo si mgeni wa Afrika Mashariki. Alikuja Ziwa Viktoria mwaka 1927 na 1928, kwa sababu nyavu za kutega zilizoingizwa huko tangu mwaka 1905 zilianza kuleta ngege wachache kila usiku. Alishauri wavu usiwe na jicho lililo chini ya inchi 5. Ushauri ukawa sheria. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ililegezwa, nyavu za macho madogo zikaenea, na ngege, aliyekuwa samaki wa kila nyumba kandokando ya ziwa lile, akawa wa kutafutwa. Wengine husema ni sangara ndiye aliyemmaliza ngege. Sangara alikuja kummalizia tu. Ngege alikwisha kupungua kabla sangara hajazaana. (Tusimchanganye sangara huyo wa Viktoria na sangala wetu, ingawa ni wa ukoo mmoja.)

Turudi katika ghuba yetu ya kubuni, maana haijatuambia jambo lililo zito kuliko yote. Zikiwamo tani 50, na wavuvi, badala ya tani 25, wakachukua tani 30 kila mwaka. Zimezidi tano tu, nani atazigundua? Mwaka wa kwanza ukiisha zimebaki tani 45. Mwaka wa pili tani 40. Mwaka wa tatu tani 34. Mwaka wa nne 26. Mwaka wa tano 15. Mwaka wa sita hata wakiwatoa samaki wote wa ghuba pamoja na ongezeko lao, tani 30 hazipatikani. Nalo daftari la mauzo kwa miaka yote mitano limeandika nini? Limeandika 30, 30, 30, 30, 30. Katibu amelisoma mbele ya mkutano mkuu, wajumbe wamepiga makofi, mkaguzi ametia sahihi, na hapakuwa na kosa hata moja katika hesabu.

Ndiyo sababu wataalam hawaridhiki na kilo peke yake. Huuliza: kilo ngapi kwa mtumbwi mmoja kwa usiku mmoja? Kilo zikigawanywa kwa kazi iliyofanywa, upungufu hujionyesha mapema. Wazee wetu wana kipimo hiki bila ya kalamu. Mzee akisema, zamani tuliwasha karabai mbili tukajaza mtumbwi kabla ya usiku wa manane, na leo vijana wana taa kumi za betri na wanarudi kumekucha na mabeseni mawili, mzee huyo ametoa takwimu. Kinachokosekana ni tarehe na kilo.

Hata hivyo, kipimo hiki nacho kina mtego, na kwa uvuvi wa taa kama wetu mtego huo ni mkubwa. Taa huwaita dagaa. Wakiwa wengi ziwani huja wengi. Wakipungua, taa yenye nguvu zaidi huwaita waliobaki kutoka mbali zaidi, na beseni hujaa vile vile. Wavuvi wa Newfoundland, nchini Kanada, walinaswa katika mtego wa namna hiyo. Chewa wao, samaki waliovuliwa kwa karne nyingi, walikuwa wakipungua, lakini waliobaki walijikusanya mahali pamoja, na meli zenye vyombo vya kuwatafutia ziliwafuata pale pale. Mavuno kwa kila meli yakaonekana mazuri mpaka karibu na mwisho. Julai 1992 serikali ililazimika kuufunga uvuvi ule, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Walitangaziwa miaka miwili. Ikapita zaidi ya miaka 30 kabla ya uvuvi wa biashara kufunguliwa tena, na chewa hawajarudi kama walivyokuwa. Kwa hiyo mwenye kuandika kazi ya usiku mmoja hana budi aandike pia idadi ya taa na aina yake, na saa walizokaa majini. Usiku wa mbalamwezi, ambao mitumbwi ya taa hukaa pwani, usihesabiwe kuwa usiku wa kazi.

Wapo watakaosema kwamba Newfoundland ni mbali. Twende basi hapa jirani, Mpulungu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 meli zenye nyavu za kuzungusha zilianza kuvua upande ule wa kusini, kama zilivyokwisha kuanza upande wa Burundi katika miaka ya 1950, zilipoletwa na wavuvi wa Kigiriki. Mtaalam George Coulter alikuwa akipima samaki wa Mpulungu wakati huo, na mwaka 1970 alichapisha aliyoyaona: sangala, nonzi na wenzao wakubwa wa ukoo ule walipungua vibaya mara tu baada ya meli kuanza kazi, na migebuka, aliye mdogo kuliko wote katika ukoo, akashika nafasi yao. Jumla ya kilo haikuanguka. Kilichoanguka ni aina ya samaki walio ndani ya kilo. Vijana wetu wengi leo hawajapata kumwona sangala wa kubebwa na watu wawili, na hufikiri wazee huongeza chumvi. Coulter aliandika tarakimu zake wakati mambo yenyewe yakitokea. Wazee hawakuongeza chumvi.

Tofauti za samaki wetu yafaa zikumbukwe kila sheria inapojadiliwa, maana kosa la watu wengi, hata baadhi ya wenye mamlaka, ni kuwatia samaki wote katika kapu moja. Dagaa mdogo, ambaye wataalam humwita Stolothrissa, huishi kama mwaka mmoja tu. Akipumzishwa hupata nafuu haraka. Akionewa huanguka haraka. Dagaa wa pili, aliye mkubwa kidogo, Limnothrissa, huzaa karibu na ufuko, na watoto wake hukulia huko. (Ni huyu aliyechukuliwa kutoka ziwa letu miaka ya 1967 na 1968 akapelekwa bwawa la Kariba, ambako leo analisha watu wengi, nasi hatujapata kulipwa hata asante.) Kokoro likokotwalo ufukoni, au chandarua kilichotolewa kwa ajili ya mbu, huwazoa watoto hao kabla hawajawa na uzito wa kuuzika. Migebuka huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Kuhe, baba na mama hulinda vifaranga vyao pamoja, na wavu ukiwatoa wazazi, vifaranga huliwa siku ile ile.

Kutokana na hayo twapata maana mbili za neno hili la kuvua kupita kiasi, nazo hazifanani. Ya kwanza ni kuwavuna wakiwa wachanga: samaki ambaye angekuwa na gramu mia tano anauzwa akiwa na gramu hamsini, kama mkulima achumaye mahindi kabla ya punje kujaa. Hasara hii hutibiwa kwa jicho la wavu. Ya pili ni kuwavua wazazi hata wakabaki wachache wasioweza kuujaza tena ukoo, kama mkulima aliyekula mbegu. Hii haitibiwi kwa jicho la wavu peke yake. Hutibiwa kwa kupunguza kazi, yaani mitumbwi, taa au siku. Kulifunga ziwa kwa miezi mitatu ni njia mojawapo ya kupunguza siku.

Je, kufunga kulisaidia? Hapa twaomba wajumbe wawe na subira nasi, kwa sababu jibu letu halitampendeza mtu wa upande wowote. Usiku wa kwanza baada ya kufunguliwa si ushahidi. Samaki wasiovuliwa kwa siku tisini lazima watapatikana wengi usiku wa kwanza, kama vile maji ya mtungi ulioachwa chini ya mfereji. Swali ni kama mtungi ungali umejaa baada ya mwezi wa pili na wa tatu. Tena Mei hadi Agosti ni majira ya upepo, na baada yake mavuno hubadilika hata pasipo kufungwa. Anayetaka kujua yampasa alinganishe Septemba na Septemba za nyuma, Oktoba na Oktoba, kwa kilo za mtumbwi mmoja kwa usiku. Wanaosema kufunga kumeshindwa na wanaosema kumefaulu, kama hawana daftari la namna hiyo, wote wawili wanabahatisha.

Liko neno jingine ambalo mzee wetu mmoja hulisema kila mara, kwamba samaki huletwa na upepo, wala si mwanadamu awezaye kuwamaliza. Hatumpuuzi mzee huyu, maana wataalam wenyewe wamebishana juu ya jambo hilo hilo. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitoa hesabu kwamba maji ya ziwa yamepata joto na upepo umelegea, hivyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Kwa sababu hiyo vijimea vimepungua kwa kadiri ya asilimia 20, jambo liwezalo kupunguza samaki kwa kadiri ya asilimia 30. Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland na wenzake wakajibu kwamba tarakimu za mavuno zaelezwa zaidi na mabadiliko ya uvuvi, kama vile meli za Burundi kuacha kazi, kuliko joto. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakachimba tope la chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki waliokufa zamani, wakaona kwamba upungufu ulianza tangu karne ya 19, kabla ya nyavu kubwa kuingia.

Sisi twaona kwamba ubishi huu, hata ukimalizika kwa ushindi wa upande wa joto, haututoi katika deni. Kama shamba limepungua rutuba, kile kiasi cha kuvuna nacho kimepungua. Ile ghuba ya tani 100 imekuwa ya tani 70, na wavuvi walioizoea tani 25 wanaendelea kuzichukua kwa nia njema, na hesabu ya 30, 30, 30 inajirudia bila mtu kuongeza wavu hata mmoja. Peru ilipatwa na mambo yote mawili pamoja. Samaki wao wadogo, wanaofanana na dagaa na kutegemea maji yapandayo kutoka chini kama wetu, walivuliwa zaidi ya tani milioni 12 mwaka 1970. Mwaka 1972 bahari ikapata joto, na mwaka 1973 mavuno hayakufika tani milioni 2. Upepo ulifanya sehemu yake na nyavu zikafanya sehemu yake. Upepo hauko chini ya Umoja huu. Nyavu ziko.

Juu ya serikali hatutasema mengi. Nchi nne zenye ziwa hili, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wao mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaanza kazi mwaka 2008, yenye makao Bujumbura. Na Desemba 2021 mawaziri wakakubaliana juu ya hatua za pamoja za uvuvi, kufunga ziwa kukiwa mojawapo. Samaki havuki mpaka kwa pasi. Kikundi cha dagaa kilichohurumiwa Kabwe chaweza kuvuliwa Moba kesho kutwa, na kinyume chake. Kwa hiyo mapatano haya, pamoja na uchungu wake, ndiyo njia pekee. Lakini twasema waziwazi: atakayelifunga ziwa bila ya kuwaambia wenye kukopesha, amefunga nusu tu. Kamati imekwisha kuandika barua juu ya jambo hilo, na itaandika tena.

Lililobaki ni letu. Bwana Samaki, kama wazee walivyomwita afisa wa uvuvi, ni mmoja na mialo ni mingi. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa mwaka 1980, ina kituo Kigoma, nayo haiwezi kuweka mwandishi katika kila ufuko. Sisi tunao waandishi: kila chama cha msingi kina karani wa mizani, na kila asubuhi dagaa hupita mbele yake. Daftari la sasa lina safu za jina, kilo na shilingi, nazo zatosha kwa mauzo. Kamati yaomba ziongezwe safu nne: saa walizokaa majini; idadi ya taa na aina yake; jicho la wavu; na samaki waliouzwa wabichi au wakavu, maana kilo moja ya dagaa wakavu ilikuwa kilo tatu au nne majini, na anayezichanganya ameharibu kitabu chote. Mara moja kwa juma karani atwae dagaa 50 bila kuwachagua, awapime urefu kwa rula ya shule na kuandika. Urefu ukipungua mwezi hata mwezi, tutakuwa na habari kabla beseni halijapungua.

Tunajua hofu iliyomo. Wapo watakaodhani kwamba saa na taa zikiandikwa, daftari litakuwa ushahidi wa kumtoza mtu faini au kodi. Kwa ajili hiyo Kamati imeamua kwamba safu hizi zitaandikwa kwa namba ya mtumbwi, na orodha ya namba na majina itakaa katika sanduku la Umoja chini ya funguo mbili, mmoja kwa Mwenyekiti na mmoja kwa mwakilishi atakayechaguliwa na wavuvi wenyewe. Kila robo mwaka jumla zitasomwa mwaloni kwa sauti, mbele ya wote, kabla hazijapelekwa kwa afisa yeyote. Karani ataongezewa posho kidogo. Mhazini amekwisha kulalamika, nasi tumekwisha kumsikiliza.

Madaftari mapya yamekwisha kupigwa mistari, na yako juu ya meza ile karibu na mlango. Kazi itaanza giza la mwezi huu, siku mitumbwi itakapotoka tena baada ya mbalamwezi. Makarani wa vyama vya msingi wanaombwa wasiondoke leo kabla ya kutia sahihi na kuchukua daftari, rula moja na penseli mbili.